Sindano ya steroidi gotini: maumivu yamerudi usiku uleule, nichomwe tena?

Swali: Nina miaka 58, nina kisukari, na goti langu la kulia limesagika. Juzi nilichomwa sindano ya steroidi gotini. Maumivu yaliisha palepale, lakini usiku yakarudi makali kuliko mwanzo, na sukari imepanda. Je, dawa imekataa? Nirudi nichomwe nyingine?

Jibu: Usichomwe nyingine sasa. Sindano hii kwa kawaida huwa na dawa mbili: ganzi, kama lidokaini, na steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, ambayo kwa goti mara nyingi ni triamsinoloni miligramu 40. Nafuu ya palepale uliipata kwa ganzi, nayo huisha baada ya saa chache. Steroidi huchukua siku 2 hadi 7 kuanza kazi, na chembechembe zake zaweza kuchokoza kiungo kwa siku moja au mbili kabla ya kukituliza. Pumzisha goti hadi saa 48 zitimie, weka barafu iliyofungwa kitambaani kwa dakika 15, na meza parasetamoli ukihitaji.

Maumivu yakizidi kupanda baada ya siku ya tatu, goti likawa jekundu na la moto, au ukapata homa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Maambukizi ndani ya kiungo ni nadra, lakini huharibu gegedu, yaani tishu laini inayofunika ncha za mifupa kiungoni, kwa siku chache tu.

Sukari yaweza kubaki juu kwa takriban wiki moja. Pima kabla ya kila mlo na kabla ya kulala. Ikizidi 15 mmol/L mara mbili mfululizo, au ukitapika, wasiliana na kliniki yako. Usijiongezee insulini kwa kukisia.

Jambo moja husahaulika mno, nalo ni zito: anayetumia dawa za VVU zenye ritonaviri au kobisistati amweleze daktari kabla ya kuchomwa. Dawa hizo huzuia ini kuivunja triamsinoloni, ikakaa mwilini wiki nyingi: uso huvimba, na tezi za juu ya figo huacha kutengeneza steroidi ya asili ya mwili.

Kuhusu kurudia, acha walau miezi 3 ipite, na kiungo kimoja kisizidi sindano 3 au 4 kwa mwaka. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 uliwapa wagonjwa wa goti triamsinoloni kila wiki 12 kwa miaka miwili. Gegedu lao lilipungua zaidi kuliko la waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu hayakutofautiana. Kama umepangiwa kubadilishiwa goti, mwambie daktari mpasuaji, kwani sindano ndani ya miezi 3 kabla ya upasuaji huongeza hatari ya maambukizi.

Nafuu ikija, huwa ya wiki kadhaa, na goti lenyewe halijapona. Zitumie wiki hizo kuimarisha msuli wa mbele wa paja: keti kitini, nyoosha mguu, ushikilie sekunde 5, ushushe polepole. Fanya mara 10, pumzika, rudia mizunguko miwili zaidi, kila siku.