Jibu: Kufukia tenki la maji ya mvua, Shangani Mtwara

Mkuu, umeuliza kama tenki la plastiki la lita 5,000 ulifukie tu mchangani, maana fundi kasema zege ni kupoteza hela. Huyo fundi muache kwanza.

Wengi wanaogopa uzito wa maji ya ndani, kumbe balaa ni ya nje. Mvua zikikolea, maji ya ardhini hupanda, na tenki tupu la ukubwa huo husukumwa juu kwa nguvu inayokaribia tani 5. Langu la Mikindani liliibuka usiku mmoja wa Februari kama mtumbwi, bomba limekatika, mfuniko umekaa upande. Nilicheka baadaye sana.

Kwa hiyo chimba Septemba au Oktoba, ardhi ikiwa kavu. Mwaga zege chini, acha nondo zimechomoza, ufunge tenki kwa mikanda. Unapofukia, jaza maji ndani sambamba na mchanga wa nje, futi kwa futi. Mchanga uchekechwe: kipande kimoja cha jiwe la matumbawe kinatoboa. Na liwe tenki la kufukiwa kweli, yale ya juu ya mnara hubonyea.

Halafu piga hesabu. Paa la mita za mraba 120 likipata mvua ya milimita 50 linashusha kama lita 6,000, yaani tenki limejaa na kumwagika. Bomba la kutolea maji yanayozidi lisiwe jembamba kuliko la kuingizia, na usilielekeze kwa jirani. Chemba ya kunasa mchanga weka kabla ya tenki.

Shimo lina kina gani? Likipita kimo cha kifua, kingo zizuiwe kwa mbao kabla mtu hajashuka.