Mama, bahari imekwenda wapi?

SWALI: Shikamoo Bibi. Ninakaanga samaki hapa Bagamoyo, na mwanangu wa miaka minne na nusu hushinda nami kibandani. Maswali yake hayaishi. Juzi maji yamekupwa, madau yamelala ubavu mchangani, akaniuliza: "Mama, bahari imekwenda wapi? Nani kaichukua?" Wateja watatu wananingoja, mafuta yanachemka. Nikamfokea anyamaze. Tangu hapo haniulizi kitu, anachorachora tu chini kwa kijiti. Na kusema kweli jibu silijui, mimi niliishia darasa la saba. Nifanyeje?
Mama wa mmoja

JIBU: Marahaba mwanangu. Hicho kijiti kimenikaa moyoni.

Usingoje aulize tena, mrudie wewe. Unapomwogesha mwambie: "Juzi uliniuliza bahari imekwenda wapi, nikakufokea. Nisamehe, baba." Wapo watakaokwambia mtoto haombwi radhi, atakupanda kichwani. Nimelea watano, wote nimewaomba radhi kwa nyakati zao, na hakuna aliyenipanda.

La darasa la saba liache kabisa. Wewe ni mtu wa pwani. Unajua maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na unajua bamvua: mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hutoka mbali sana, yakirudi hupanda juu kuliko siku nyingine. Ni kwa sababu mwezi huyavuta maji ya bahari, na jua nalo huyavuta, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi. Siku hizo vyote viwili huvuta kwa mstari mmoja. Kwa umri wake mwambie tu: "Mwezi umeyavuta maji, yamesogea kule, baadaye yatarudi." Akikuuliza mwezi unavutaje na hauna mikono, mjibu kwamba hapo mama hajui, mtamuuliza mwalimu. Hatakudharau.

Binti yangu wa tatu alinikuta siku moja nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, akauliza maji yaliingiaje mle ndani na hakuna tundu. Nikamjibu, "Mungu kayatia," nikaendelea kukuna. Sikusema uongo, lakini niliona uso wake ukifungika. Kesho yake nikanunua dafu, nikalipasua pamoja na nazi kavu, nikaviweka sakafuni mbele yake. Akaona mwenyewe: dafu limejaa maji na nyama yake laini kama uji ulioganda, nazi ina nyama nene na maji kidogo. Nikamwambia mnazi hunywa maji kwa mizizi, huyapandisha hadi juu kwenye tunda, na nazi inavyokomaa ndivyo nyama inavyoongezeka. Akaanza kugusa yale macho matatu ya kifuu kwa kidole, moja moja, mpaka akagundua kwamba moja ni laini. Chipukizi hutokea hapo, nami nilikuwa sijawahi kumweleza. Tulikula wali kwa kuchelewa siku ile.

Wateja nao wana haki yao, siwezi kukwambia uwaache. Sema, "Ngoja nigeuze hawa changu, nije nikujibu." Kisha mjibu kweli, hata kama ni baada ya saa nzima.

Ukipata siku yenye nafasi, chomoa njiti ya chelewa kwenye fagio, mwende naye ufukweni maji yakiwa yanajaa. Aichomeke pale maji yanapoishia. Mkae mtazame mpaka njiti imezungukwa. Kesho yake mrudi saa ileile: mtakuta maji hayajafika, kwa kuwa kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Hapo atauliza kwa nini, nawe utakuwa umemrudisha. Ila mshike mkono, maji ya kujaa hupita nyuma ya mtu kwenye vidimbwi kabla hajayaona.