Re: Heads kwenye ThinkPad X230, TOTP imegoma baada ya apdeti

Habari mkuu. Umesema baada ya apdeti kwenye laptop yenye Heads (famwea, yaani programu ya msingi ya kuwasha kompyuta, inayokagua kama imechezewa), namba za TOTP (namba za muda za kuhakiki hilo) hazikubaliani na za simu, ila hujasema apdeti ya nini, na hapo ndipo pa kuanzia.

Kama skrini inatoa namba lakini tofauti na za simu, TPM (chipu ya usalama) imeachia siri inayozaa namba hizo, kwanza angalia saa ya laptop. Heads hutumia UTC, saa tatu nyuma yetu, na namba hubadilika kila sekunde 30. Saa ikipotea tena ukizima, badilisha betri ndogo ya saa, CR2032.

Kama namba hazitoki kabisa, vipimo vya famwea vimebadilika na TPM imekataa kuachia siri. Uliiflashi (uliiandika upya kwenye chipu) mwenyewe? Basi ni kawaida: tengeneza siri mpya kwenye menyu, skani msimbo wa QR kwa simu, kisha funga upya kwenye TPM ufunguo wa diski pia, kama uliuweka humo. Keneli (kiini cha Linux) mpya haileti hili, huleta onyo la /boot (sehemu ya diski yenye keneli) tu, nawe unasaini upya kwa ufunguo wako wa GPG (saini ya kidijitali).

Ila kama hukugusa famwea, nakusihi usitengeneze siri mpya: utaidhinisha kitu usichokijua. Toa betri na chaja, soma chipu zote mbili za famwea (MB 8 na MB 4) kwa programa (kifaa cha kusoma na kuandika chipu) ya nje ya volti 3.3, kila moja mara mbili. Hashi (alama za kutambulisha data) za usomaji wa chipu moja zikitofautiana, klipu inayoshika chipu haijakaa vizuri. Zikilingana, ndipo ulinganishe na imeji (faili la famwea) uliyoflashi.