Mtaalamu yumo kwenye simu, mikono ni yenu

Tangu niseme kwamba wagonjwa wangu wengine wa Newala na Nachingwea nawahudumia kwa simu ya video, maswali hayakatiki. Mimi ni mtoa tiba kwa vitendo hapa Mtwara: namsaidia mtu aweze tena kuvaa, kula, kuoga, hata kubangua korosho zake.

Shikamoo. Mama alipata kiharusi, mkono wa kushoto umepooza. Utamtibuje bila kumgusa? – Binti, Tandahimba

Marahaba binti. Mara ya kwanza lazima nimguse. Misuli imelegea au imekakamaa kiasi gani, kioo cha simu hakiniambii. Mleteni hospitali, kisha mengi tutayafanya mkiwa nyumbani, na huko ndiko naona mambo ambayo wodini siyaoni. Kuna bibi mmoja kila akioga alikuwa nusura aanguke. Wodini alikaa vizuri tu. Siku moja mjukuu akageuza simu, nikaona kigoda kifupi na ndoo imewekwa nyuma ya bega lake, akitaka kuchota anajipinda. Tukaleta kiti chenye mgongo, ndoo ikaja mbele. Basi.

Kwa mama yako anzeni hivi: nguo iingie kwanza mkono mgonjwa, wakati wa kuvua huo utoke mwisho. Na mnapomnyanyua msimvute kwa mkono huo, bega lililolegea huteguka kirahisi.

Bando likikata katikati? – Kijana, Ruangwa

Napiga simu ya kawaida. Au mnirekodie dakika moja anavyokula, mtume mtandao ukitulia.

Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara pale Somanga, nilijisifu kwamba mimi nina simu. Siku chache baadaye nyaya za chini ya bahari zikakatika, intaneti ikazorota nchini. Nikabaki na sauti tu, nikauliza kama kipofu: kisigino kimegusa chini? Kidevu kimeelekea wapi? Maswali hayo nayauliza mpaka leo, hata picha ikiwa safi.

Mwanangu ana mtindio wa ubongo, anapaliwa na uji. – Mama, Kilwa

Pole mama. Usimlishe amelala wala akitazama juu. Akae wima, kichwa kiinamie mbele kidogo, kijiko kitokee usawa wa mdomo, na umsubiri ameze. Lakini akikohoa kila mlo au kifua kikikoroma, usinisubiri mimi na simu yangu, mpeleke hospitali.

Mgonjwa ni mama mkwe wangu, na simu janja pale nyumbani ni yangu peke yangu. Nitaishikaje akionyesha anavyooga? – Mkwe, Lindi

Usiishike, kaka! Sihitaji kumwona akioga. Avae nguo zake zote, ajifunge na khanga, anionyeshe tu anavyokaa, anavyochota na anavyofikia mgongo, kata ikiwa tupu. Mkeo au shemeji awe naye. Mkirekodi, video isiingie kwenye kundi la ukoo hata kwa nia ya kuombeana dua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Wewe egemeza simu kwenye mtungi, hakikisha naona miguu yake, halafu toka nje ukageuze korosho juani.