Jibu: sumu ya asili na seli za figo

Mkuu, umeuliza sumu ya asili inawezaje kuchezea protini za ukuaji kwenye seli za figo. Chukua asidi ya aristoloki, ipo kwenye mimea jamii ya Aristolochia. Ikiingia seli za vile vimirija vya figo inang'ang'ania DNA, seli inajeruhiwa, TGF-beta (moja ya hizo protini za ukuaji) inapanda na hiyo ndo inaleta makovu, wakati huohuo VEGF, protini nyingine ya ukuaji inayotunza vimishipa vya damu, inashuka, so figo inakosa oksijeni inasinyaa mdogo mdogo. Ubelgiji miaka ya 90 mwanzoni wadada walimeza vidonge vya kupunguza mwili (vya mitishamba eti 😅, kumbe vina Aristolochia ndani), wengine wakaishia kusafishwa damu kwa mashine, na kibaya zaidi makovu yaliendelea hata walipoacha.