Herufi za Mlazo kwenye Kadi na Mabango

SWALI: Ndugu Mhariri, nina duka la steshenari hapa Mtwara mjini, ambako ninatengeneza kadi za michango na za mialiko ya harusi. Wateja wangu wanapenda sana fonti ya herufi za mlazo ambazo mstari mmoja ni mnene na unaoufuata ni mwembamba kama unywele. Kwenye kompyuta inapendeza, lakini nikichapa ukumbi na saa kwa herufi ndogo, baadhi ya mistari haionekani. Sasa muuza korosho mmoja anaitaka kwenye bango lake la barabarani. Nimshauri nini?
Msomaji, Mtwara

JIBU: Ndugu msomaji, wateja wako wana jicho zuri, na kinachokusumbua ndicho hichohicho kinachoipendezesha fonti hiyo. Herufi za mlazo zilianza kutumika vitabuni mjini Venice mwaka 1501, katika kiwanda cha uchapaji cha Aldus Manutius, zikiigiza mwandiko wa mkono. Lakini tofauti kubwa ya unene na wembamba ilikuja mwishoni mwa karne ya 18, pale wachapaji akina Didot wa Paris na Giambattista Bodoni wa Parma, Italia, walipofuata kalamu ya ncha kali, ambayo hutoa mstari mnene inapokandamizwa kushuka na mwembamba inapopandishwa. Walihitaji karatasi laini, kwa sababu karatasi inayonyonya wino huuharibu mstari mwembamba.

Liandike neno “Mwaliko” kwa fonti hiyo, kwa saizi kubwa, ulitazame kwa karibu: miguu ya “w” inapishana, mmoja mzito na mmoja mwepesi, na mkono wa “k” unatoka kwenye nguzo yake kwa uzi tu. Uzi huo ukikatika, “k” inabaki kama “l”, na Kiswahili chetu, chenye “k” na “w” karibu katika kila sentensi, huumia haraka kuliko lugha nyingi.

Kwa hiyo waandikie kwa fonti hiyo majina ya maharusi na neno la mwaliko, kwa ukubwa wa pointi 24 au zaidi, kwenye kadi laini. Tarehe, ukumbi na namba za simu uzichape kwa fonti iliyosimama yenye unene wa kadiri. Ukilazimika kuitumia kwa ukubwa wa chini ya hapo, tafuta toleo lililochorwa kwa ajili ya maandishi madogo: fonti ya ITC Bodoni, kwa mfano, ina matoleo ya pointi 6, 12 na 72. Usiilaze fonti iliyosimama kwa kitufe cha kompyuta, kwani mlazo wa kweli una “a” na “f” za umbo lake lenyewe. Maandishi meupe juu ya rangi nzito nayo yaepuke, kwa kuwa wino huzifunika nyuzi hizo kutoka pande zote mbili.

Muuza korosho mshauri aiweke kwenye lebo ya pakiti, ambayo mnunuzi huishika mkononi. Bango husomwa na mtu aliye kwenye bodaboda, tena kwa mbali, na atakachokiona ni vijiti vinene visivyoungana. Humo mwandikie jina la biashara kwa herufi nzito zilizosimama.