Akishapata Cheti cha A1, Atasoma Tena Kijerumani Akifika Ujerumani?

Swali: Assalaamu alaykum, Maalim. Binti yangu ameolewa na kijana wa hapa hapa Wete anayefanya kazi Hamburg. Ubalozi unataka cheti cha Kijerumani cha A1. Akikipata, atalazimika kusoma tena huko? (Mama wa Wete, Pemba)

Jibu: Waalaykumu ssalaam, mama. Ndiyo, atasoma tena. A1, yaani kiwango cha kwanza kabisa cha lugha, ni sharti la viza, nalo limekuwepo tangu mwaka 2007 kwa mke au mume anayemfuata mwenzake. Wapo waliosamehewa, kwa mfano mke wa mwenye Kadi ya Buluu ya Ulaya (kibali cha wafanyakazi wenye elimu ya juu), kwa hiyo kwanza mkwe wako aangalie kibali chake cha ukaazi ni cha aina gani.

Mtihani wa A1, ambao Taasisi ya Goethe iliyopo Dar es Salaam huufanyisha, unapima kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na mtu hufaulu kwa alama 60 kati ya 100. Kwenye kuzungumza, mtahiniwa hujitambulisha, kisha huambiwa ataje herufi za jina lake, au la mji wake, na aisome namba. Hapo ndipo vijana wetu wengi wanapokwama, kwa sababu skuli wamezoea kutaja herufi kwa Kiingereza. Akiitaja I kuwa «ai», Mjerumani ataandika EI, maana kwao EI ndiyo husomwa «ai». Aseme «ii», kama tunavyoisoma kwa Kiswahili. Namba nazo zinataka mazoezi ya kila siku, kwani katika 21 Mjerumani hutanguliza moja, ndipo akaja na ishirini. Tafadhali asihifadhi majibu tu, maana mtahini akibadilisha swali kidogo, aliyehifadhi hana la kusema.

Kozi ya utangamano, yaani ya kuwafundisha wageni lugha na maisha ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 2005, ni jambo jingine. Maadamu hajafika kiwango cha B1, ambacho ni cha tatu baada ya A1 na A2, ofisi ya wageni itakayompa kibali humtaka kwa maandishi aihudhurie. Kozi ya kawaida ina saa 600 za lugha na saa 100 za sheria, historia na maisha ya Ujerumani, kila saa ikiwa ya dakika 45. Saa za lugha zimegawanywa hatua sita za saa mia mia, na kabla ya kuanza hupewa jaribio la kumpangia hatua inayomfaa. Basi A1 aliyoisoma huku kwa dhati humwezesha kuanzia mbele badala ya kurudia mwanzo. Mwishoni kuna mtihani wa lugha, pamoja na maswali 33 kuhusu nchi, ambapo 15 yanatosha kufaulu kozi na 17 yanatakiwa kwa mwenye kuomba uraia.

Jambo ninalolihimiza kwa moyo wote ni kuwa asikae nyumbani mwaka mzima akingojea kuzoea, huku mume akimsemea hospitali na dukani. Mkwe wako aanze mapema kuulizia vituo vya kozi vya karibu na tarehe za madarasa mapya, na binti akishapewa barua ya ofisi ya wageni, aipeleke mwenyewe kituoni kujiandikisha.